Mwalimu na Kundi: Kwa Nini Mawaidha Peke Yake Hayatoshi

Kila mwaka walimu wanafunzi wanaporudi chuoni kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huleta lalamiko lililo moja. Husema kwamba wamefundisha umuhimu wa kunawa mikono, nao watoto wameelewa. Wamefundisha hasara za utoro, nao watoto wameelewa. Wamefundisha hifadhi ya bahari na misitu, na katika jaribio la mwisho wa juma karibu darasa zima limepata alama nzuri. Lakini nje ya darasa hakuna kilichobadilika. Mikono hainawiwi, daftari la mahudhurio lina mapengo yale yale, na bahari yaendelea kuharibiwa. Basi mwalimu mwanafunzi huhitimisha ya kuwa watoto wa pwani ni wakaidi, au kwamba wazazi wao hawaipendi shule.

Sisi hatukubaliani na hitimisho hilo. Maoni yetu ni kwamba kosa limo zaidi katika njia tunayoitumia kuliko katika watoto. Tumezoea kumwendea mtoto kana kwamba yu peke yake duniani, tukampa habari, kisha tukatumaini kwamba habari itazaa tendo. Saikolojia ya jamii, yaani elimu inayochunguza jinsi mtu anavyofikiri na kutenda akiwa miongoni mwa wenzake, inatufundisha vingine. Mazoea mengi ya mtu yanashikiliwa na kundi lake, na anayetaka kuyabadili hana budi kushughulika na kundi lile.

Kosa letu wenyewe

Yafaa tuanze na kosa letu. Mwaka 2012, tulipokuwa tukisomea cheti cha ualimu, tulipangiwa kufanya mazoezi katika shule moja iliyo kando ya bahari wilayani Kilwa. Siku zile milipuko ya baruti ilikuwa ikisikika baharini mara kwa mara, ingawa uvuvi wa namna hiyo ulikuwa umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970. Tuliandaa somo la darasa la tano juu ya jambo hilo, na tuliliandaa kwa bidii. Tulichora mwamba ulio hai na mwamba uliovunjika. Tulieleza kwamba baruti haichagui. Huua samaki mkubwa na mdogo pamoja na mayai, na kuvunja matumbawe ambayo hukua polepole sana kwa miaka mingi. Watoto walijibu maswali kwa ufasaha, na mkufunzi aliyekuja kutukagua alilisifu andalio letu.

Siku mbili baadaye, tulipokuwa tukiandika hesabu ubaoni, mlipuko ulisikika. Darasa lilitulia kidogo. Mtoto mmoja akatazama dirishani, kisha akamtazama mwenzake, na mwenzake akamtazama wa tatu. Ilipogongwa kengele ya mapumziko, zaidi ya nusu ya darasa ilikimbilia ufukweni na ndoo na vikapu, kupokea mashua na kuokota samaki. Mmoja wao alikuwa yule kijana aliyetoa majibu mazuri kuliko wote katika somo letu.

Jioni tulikwenda kwa mzee mmoja mvuvi, jirani wa nyumba tuliyopanga. Tulimpa shikamoo, akaitikia, nasi tukamweleza masikitiko yetu. Alitusikiliza hadi mwisho huku akishona wavu wake.

“Mwalimu,” akasema, “hao watoto hawajalisahau somo lako. Lakini baruti ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu usiku hula ugali mtupu, na asubuhi huchekwa. Wewe umesema na mtoto mmoja mmoja. Pwani yenyewe hujasema nayo.”

Maneno yale yalitukaa moyoni kuliko sifa za mkufunzi wetu. Tulikuja kuona baadaye, tulipoanza kusoma vitabu vya saikolojia, kwamba mzee yule alikuwa amelisema kwa ufupi jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi.

Hotuba na uamuzi

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Marekani ilitaka wananchi wake wale zaidi moyo, figo na viungo vingine vya ndani vya mnyama, kwa kuwa nyama nyingine ilikuwa haba. Wamarekani wengi wa wakati ule waliviona viungo hivyo kuwa chakula cha kudharauliwa. Kazi ya kutafuta njia ya kuwabadili ilipewa Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa mwaka 1890, ambaye alihama Ujerumani mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka.

Lewin aliwagawa akina mama katika vikundi vidogo vidogo. Vikundi kadhaa vilipewa mhadhara mzuri: walielezwa faida za vyakula hivyo kwa mwili na kwa taifa lililo vitani, wakapewa na maelekezo ya kuvipika. Vikundi vingine vilipewa habari zile zile, lakini badala ya kuhutubiwa, akina mama wenyewe walijadiliana ni nini kinachowafanya watu kama wao wavikatae, na vikwazo hivyo vingewezaje kuondolewa. Mwishoni waliulizwa ni nani yu tayari kujaribu katika juma lile, nao wakanyoosha mikono mbele ya wenzao. Walipofuatiliwa, ilionekana kwamba kati ya kila akina mama 100 waliosikiliza mhadhara, ni 3 tu waliokuwa wamepika kiungo ambacho hawakupata kukipika kabla. Katika vikundi vilivyojadili na kuamua, walikuwa 32.

Tuzitazame hesabu hizo vizuri. Habari zilikuwa zile zile katika pande zote mbili, lakini katika upande mmoja mama alirudi nyumbani peke yake na habari kichwani, na katika upande wa pili alirudi akijua kwamba wenzake nao wanajaribu, na kwamba alinyoosha mkono wakiwa wanamtazama. Mtu huogopa kutangulia kundi lake. Kundi linapotembea pamoja, hofu hiyo hupungua.

Uchunguzi mwingine, wa karibuni zaidi, unatuonya juu ya kosa ambalo walimu tunalifanya karibu kila siku. Katika hifadhi ya Petrified Forest, huko Arizona nchini Marekani, wageni walikuwa wakiokota na kuondoka na vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Mtaalamu Robert Cialdini na wenzake waliweka mabango ya aina mbalimbali njiani, pamoja na vipande vilivyotiwa alama. Palipokuwa na bango la kulalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande, karibu vipande 8 katika kila 100 viliibiwa. Palipokuwa na bango lililoomba tu kwamba mgeni asichukue, viliibiwa chini ya 2. Lalamiko lililokusudiwa kuzuia wizi lilikuwa limewaambia wageni kwamba wizi ni jambo la kawaida, kwamba kila mtu anafanya.

Sasa tumsikilize mwalimu wa zamu kwenye paredi ya Jumatatu: “Shule hii ni shule ya watoro! Msimu wa korosho ukiingia, nusu yenu hamuonekani!” Mwalimu huyu anadhani anakemea utoro. Kwa kweli anawatangazia watoto wote, pamoja na wale wachache waliokuwa wakijilazimisha kuja, kwamba katika shule hii kutoro ndiyo desturi, na kwamba aliyehudhuria ndiye mgeni.

Mtu ni Afya

Pengine msomaji atasema kwamba mifano hiyo ni ya Marekani, nasi tu watu wengine. Basi turudi nyumbani. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikishirikiana na wizara na Redio Tanzania. Kampeni hiyo ilikuwa na mpango wa vikundi. Katika kila kijiji watu walikusanyika kwa makundi madogo, mara moja kwa juma, kwa majuma 12. Walisikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao akawasomea sura ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili hiyo, kisha wakajadili: je, malaria, kichocho au kuhara viko hapa kwetu? Vinatokana na nini? Tunaweza kufanya nini kabla ya juma lijalo? Walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, nyasi zilifyekwa kuzunguka nyumba, na madimbwi yakafukiwa.

Redio peke yake isingaliyafanya hayo. Hotuba za kuchimba vyoo zilikuwa zimesikika tangu enzi ya wakoloni, na wananchi waliziitikia “ndiyo bwana” kisha wakaenda shambani. Nguvu ya mwaka 1973 ilikuwa katika lile swali la mwisho lililoulizwa mbele ya majirani, na katika kukutana tena juma lililofuata, ambapo kila mmoja alijua ni nani amechimba na ni nani bado.

Linganisha na Operesheni Vijiji, iliyofikia kilele mwaka uliofuata, 1974. Serikali ilikuwa ile ile, na wananchi walikuwa wale wale. Lakini safari hii sehemu nyingi watu walihamishwa kwa amri, na wengine kwa nguvu. Na amri ilipolegea baadaye, wako waliorudi kwenye mashamba na mikorosho yao ya zamani. Kijiji kilichoamriwa hakikuwa kimeamua jambo lolote.

Elimu iliyokuwapo

Kwa hakika watu wa pwani hii ya kusini hawakuhitaji kumngoja Lewin. Jando na unyago vya Wamwera, Wamachinga na Wamakonde vimejengwa juu ya msingi huo huo. Kijana haingizwi peke yake. Huingia na wenziwe, hufundishwa na wenziwe, na hutoka na wenziwe mbele ya kijiji kizima kilichovaa nguo mpya na kupiga ngoma. Yako mambo katika mila hizo ambayo mwalimu ana haki ya kuyahoji, hasa yanapomkatiza msichana masomo yake. Lakini kama mbinu ya kufundisha, twapaswa kukiri kwamba mwali husahau mengi ya darasani, na ya unyagoni hayasahau.

Baharini nako ni vivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara viliungana katika chombo kilichoitwa Shirikisho ili kupinga uvuvi wa baruti. Wavuvi walikuwa wanajua madhara yake siku zote. Kilichokuwa kipya ni kwamba mvuvi aliyeikataa baruti sasa aliweza kusimama akajiona yu pamoja na wengi. Ukweli utudai tuseme pia kwamba baruti ilipungua, kisha ikarudi usimamizi ulipolegea, na haikupungua sana tena mpaka baada ya mwaka 2016, serikali ilipokaza msako. Kundi lahitaji sheria ya kulitegemeza, kama vile sheria inavyohitaji kundi la kuipokea. Ile marufuku ya mwaka 1970 ilikaa miaka mingi ikiwa maandishi, kwa sababu ufukweni kila nyumba ilikuwa bado ikitoa mtu.

Wenye shaka

Twajua kwamba wako watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema kwamba tatizo ni umaskini. Kwamba mtoto huenda kuokota korosho kwa sababu nyumbani hakuna fedha ya daftari. Hilo ni kweli, na saikolojia haijazi chungu. Hata hivyo, katika kijiji kimoja chenye umaskini ule ule utakuta mtaa ambao watoto wake huja shule na mtaa ambao watoto wake hawaji. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa njaa peke yake, na hapo ndipo mwalimu ana nafasi ya kufanya kazi.

Wa pili watasema kwamba kundi laweza kuwa baya. Kwamba ni kundi hilo hilo lililowakimbiza watoto ufukweni. Ni kweli pia, na ndiyo sababu mwalimu hawezi kulipuuza. Kundi lipo darasani, apende asipende.

Wa tatu watauliza: mwalimu mwenye watoto 80 na muhtasari usiokwisha atapata wapi muda wa majadiliano? Sisi twajibu kwa swali: je, ni saa ngapi zimekwisha kupotea katika kurudia mawaidha yasiyosikiwa?

Mwalimu afanye nini?

Miaka mingi baada ya kosa letu la kwanza, tukiwa sasa wakufunzi, tulimsimamia mwalimu mwanafunzi mmoja katika shule nyingine ya pwani hii, msimu wa korosho ulipokuwa unaanza. Tulimshauri asitoe somo la utoro. Badala yake aliwauliza watoto wa darasa la tano: “Ni nini kinachowafanya watoto wa darasa hili wasije siku nyingine?” Wakataja korosho, wakataja wadogo wa kulea, wakataja umbali. Kisha mtoto mmoja akasema jambo ambalo mwalimu hakulitazamia: “Mwalimu, ukiwa umekosa siku mbili, unaona haya kurudi.” Wengi wakacheka, kwa maana walilijua.

Basi wakajadili watafanyaje. Waliamua kwamba watoto wa njia moja watapitiana asubuhi, na kwamba aliyekosa jana atapitiwa kwanza, wala hataulizwa maswali mlangoni. Mwalimu naye akaahidi mbele yao kwamba hatamsimamisha aliyerudi. Walinyoosha mikono njia kwa njia. Kila Ijumaa walitenga dakika 10 za kuelezana yaliyotokea. Hatukupata muujiza. Wako waliobaki shambani mpaka korosho ya mwisho. Lakini wengi waliokuwa wakikosa siku mbili na kupotea juma zima sasa walikosa siku mbili na kurudi siku ya tatu, na mwalimu anayeijua shule ya msingi anajua thamani ya siku tatu hizo.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo machache kwa anayejiandaa kwenda mazoezini.

Kwanza, kabla ya kusema, tazama. Nani hutembea na nani? Ni nani anayechekwa, na ni nani akicheka wengine hufuata?

Pili, uliza “watoto wa hapa hufanyaje?” kabla ya kusema “wewe wafanyaje?” Mtoto huona haya kujisema mwenyewe, lakini juu ya kundi lake husema kweli.

Tatu, chagua jambo dogo lililo katika uwezo wa watoto. Usiwatake waamue kukomesha umaskini. Watake waamue juu ya ndoo ya maji mlangoni pa choo.

Nne, uamuzi uwe wao kweli. Ikiwa umekwisha kuamua moyoni na wataka tu waitikie, watajua mara moja, na wataitikia kama wazee wao walivyoitikia “ndiyo bwana”.

Tano, uamuzi utamkwe hadharani, na siku ya kuulizana ijulikane.

Sita, usihubiri wingi wa wakosaji. Ikiwa watoto 30 walinawa mikono leo, useme 30 walionawa. Wala usimfedhehe mmoja ili wengine waonyeke, kwa kuwa aliyefedheheshwa atatafuta kundi litakalompokea, na huenda kundi hilo lisiwe lako.

Walimu tunaipenda sana methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali njema, lakini tumeielewa kana kwamba mtoto ni samaki mmoja aliyelazwa juu ya meza yetu. Kila mtu wa Kilwa aliyepata kuona dagaa majini anajua kwamba hawageuki mmoja mmoja. Mwalimu atakayekwenda mazoezini mwaka huu asiridhike na majibu mazuri ya ubaoni, kama tulivyoridhika sisi. Afuate watoto hadi mlangoni, atazame wanatazamana na nani, na aanzie kazi yake hapo.